Chupa ya Babu: wiki moja kwenye njia ya farasi wa zamani

Jumatatu, Nairobi

Chupa nimeifunga kwa leso ya mama na kuilaza katikati ya nguo. Ni ya kioo chenye rangi ya maji ya bahari, na maandishi yake yameinuka hata kipofu angeyasoma kwa kidole: Elliman's Royal Embrocation, na jina la mji, Slough. Dawa ilikwisha kabla sijazaliwa. Ukizibua, bado inatoka harufu ya tapentaini.

Babu mzaa mama alikuwa saisi. Kwa wasiolijua neno hili, saisi ndiye mtunza farasi: anayemlisha, anayemchana, anayemtembeza alfajiri na kulala karibu naye akiugua. Babu alifanya kazi hiyo Njoro tangu ujana wake mpaka walowezi walipouza mashamba. Alituachia vitu vitatu: koti, kipande chake, yaani kitambulisho cha enzi za ukoloni, ndani ya kikopo cha bati, na chupa hii. Mama anasema kila usiku wa baridi alijichua magoti kwa dawa ya farasi, na mtu akimkataza alijibu kwamba goti ni goti.

Nimechukua likizo ya wiki nzima kuifuata njia yake. Leo nimeanzia Nyaraka za Taifa, lile jumba la Moi Avenue lililokuwa benki. Nimepekua East African Standard, gazeti lililoanzishwa Mombasa mwaka 1902 na A. M. Jeevanjee kabla ya kuhamia huku juu. Matokeo ya mbio yameandikwa kwa uangalifu mkubwa: jina la farasi, mwenye farasi, mpanda farasi, uzito aliobeba. Nimekaa saa nne nikitafuta jina moja tu la saisi. Asiyekuwapo na lake halipo, lakini hawa walikuwapo! Hakuna farasi aliyefika uwanjani bila mtu wa kumshika kamba.

Dawa zimejaa kurasa. Vidonge vya Beecham, chumvi ya Eno, dawa za kuchua, dawa za damu, dawa za "udhaifu". Waingereza waliziita dawa za hataza, yaani zenye haki ya uvumbuzi iliyosajiliwa, ingawa nyingi hazikuwa na hataza yoyote, kwa kuwa ukiomba hataza sharti useme ndani mna nini. Kilicholindwa kilikuwa jina na picha ya kwenye boksi. Mchanganyiko ulibaki siri ya mwenye kiwanda.

Jumanne, Nairobi

Nimetembea Barabara ya Race Course kwa miguu kutoka upande wa Ngara. Maelfu wanapita hapa kila siku wakiwahi mabasi ya Machakos, na jina la barabara hawalitilii maanani. Huku ndiko ulikokuwa uwanja wa kwanza wa mbio za farasi wa Nairobi, katika mji ambao reli iliufikia mwaka 1899 ukiwa bado ni tope na mahema. Farasi wa mwanzo wengi walikuwa wadogo, wa Kisomali na wa Kihabeshi. Wale warefu wa damu safi waliletwa baadaye kwa meli. Wiki ya mbio ilipofika, walowezi walishuka kutoka mashambani wakajaza hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa Krismasi ya 1904, na mji mzima ukasimama.

Uwanja haupo tena. Kuna maduka ya vipuri, vibanda vya mitumba, na kanisa la Mtakatifu Petro Claver.

Hatua chache mbele ni Kariokor. Jina hili, kama Kariakoo ya Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi makumi ya maelfu walikufa katika vita ile, na wengi waliuawa na kuhara damu, homa na njaa kuliko risasi. Farasi nao waliangamia. Mwaka 1916 wapanda farasi kutoka Afrika Kusini waliingia Tanganyika wakiwafukuza Wajerumani, na wanyama wao wakaanguka kwa maelfu kwa ndorobo na tauni ya farasi. Farasi akifa, mzigo wake ulirudi kichwani kwa mpagazi. Nimesimama pale sokoni kitambo nikiliwaza hilo.

Jioni nilikaa na daftari langu nikinakili vilivyomo katika zile dawa za gazetini. Mwaka 1909 Chama cha Madaktari cha Uingereza kilizipeleka maabara na kuchapisha kilichopatikana. Vidonge vya Beecham: shubiri, tangawizi na sabuni. Boksi la vidonge 56 liliuzwa shilingi moja na peni moja na nusu. Malighafi yake ilithaminiwa nusu ya faringi, yaani sehemu ya nane ya peni. Nimepiga hesabu mara mbili. Bei ilikuwa mara 108 ya malighafi.

Vidonge vya Holloway vilivyotangulia vilikuwa na shubiri, manemane na zafarani. Nani kati yetu hakuviona vitu hivi kwa muuza dawa wa Mombasa au Unguja, kwenye vikapu, na bibi akijua kipi cha mzazi na kipi cha tumbo? Shubiri ya Sokotra na manemane ya Somalia yalipita Aden yakaenda London, yakarudi pwani yakiwa ndani ya boksi lenye picha ya bwana mmoja na ahadi ya kuponya kila kitu. Thomas Holloway alitajirika kiasi cha kujenga chuo kama kasri, kilichofunguliwa na Malkia Victoria mwaka 1886.

Jumatano, Nairobi hadi Naivasha

Matatu ya asubuhi, dirishani. Pale juu ya ukingo wa Bonde la Ufa ukungu ulikuwa umefunika Longonot mpaka shingoni.

Nimeshuka Naivasha kwa sababu ya punda milia. Miaka ya mwanzo ya 1900 serikali ya kikoloni ilijaribu hapa kuwafuga wavute mikokoteni na kupandwa, kwa kuwa punda milia haugui pale farasi anapokufa. Walishindwa. Punda milia ana nguvu lakini hakubali hatamu, na akilazimishwa hudhoofika. Leo wako kandokando ya barabara wakila majani, wala hawana habari na mtu.

Tauni ya farasi ni kisa kinachostahili kuelezwa polepole. Huletwa na visubi, vidudu vidogo kuliko mbu, vinavyoruka usiku, hasa baada ya mvua. Farasi anaweza kuwa mzima jioni, na kabla ya jua la kesho kupanda mapafu yamejaa maji na povu jeupe linamtoka puani. Kule Rasini, Afrika Kusini, mlipuko wa 1854 na 1855 uliua farasi wapatao 70,000. Punda milia hubeba virusi vile vile bila kuumwa. Aliyeugua akapona alipanda bei sana, kwa kuwa alihesabiwa kuwa na kinga.

Kabla ya watu kujua kisubi, walitafuta wa kumlaumu. Karne ya 16 jeshi la Wareno la Francisco Barreto lilipanda Mto Zambezi likielekea kwenye dhahabu ya ufalme wa Monomotapa. Walipopiga kambi Sena, farasi wakaanza kufa na watu wakashikwa na homa. Padri wao akasema Waislamu wa pale, Waswahili wafanyabiashara waliokuwa wakiishi Sena kwa amani, ndio waliowatilia sumu. Wakakamatwa na kuuawa kwa mateso. Nalisimulia hapa kwa sababu ni damu ya watu wa lugha hii, na kosa lao lilikuwa kuishi jirani na farasi wagonjwa.

Alhamisi, Njoro

Nakuru nimepita haraka: chai, chapati, matatu nyingine. Nako farasi walikimbizwa enzi hizo, lakini moyo wangu ulikwisha kufika Njoro.

Mjomba alinisubiri kituoni kwa fimbo yake. Ana zaidi ya miaka themanini, na macho yake bado makali. Hakunisalimu mimi kwanza.

"Umeileta?"

Nikafungua leso. Akaishika ile chupa kwa mikono miwili, akazibua, akainusa, akafumba macho. Hatukusema kitu mpaka nyumbani.

Njoro iko juu, zaidi ya mita 2,000, na baridi yake ndiyo iliyofanya farasi waishi. Visubi hupungua kadiri unavyopanda mlima. Ndiyo sababu mbio za mashambani zilistawi nyanda za juu. Mlowezi Lord Delamere alipewa ekari 100,000 hapa mwaka 1903. Kondoo wake wakadhoofika mbele ya majani mengi, na Wamasai walikuwa wamekwisha kuiepuka ardhi hii kwa mifugo yao. Baadaye wataalamu waligundua kwamba udongo wa sehemu hizi umepungukiwa na kobalti. Wamasai hawakuwa na neno kobalti. Walikuwa na macho na kumbukumbu.

Jirani yake alikuwa Charles Clutterbuck, mfugaji wa farasi wa mbio, na binti yake Beryl alikulia vibandani pamoja na watoto wa Kinandi na Kipsigis. Ukame wa 1919 na mikataba ya unga ikamfilisi baba, akahamia Peru. Binti akabaki na kuwa mkufunzi wa farasi akiwa hajatimiza miaka ishirini, na mwaka 1926 farasi aliyemfundisha, Wise Child, alishinda mbio za St Leger za Nairobi ingawa miguu yake ilikuwa mibovu. Watu wanamkumbuka Beryl Markham kwa kuruka peke yake juu ya Atlantiki mwaka 1936. Mjomba anamkumbuka kwa jambo jingine: alisikia kwa baba yake kwamba yule mama aliingia bandani mwenyewe na kushika mguu wa farasi kabla ya kuuliza chochote.

"Wengine," akasema, "walisimama mlangoni."

Ijumaa, Njoro

Tumeamka saa kumi na moja. Mjomba alitaka nione saa ile hasa. Banda la mawe bado lipo, sasa linahifadhiwa mahindi. Akanionyesha kila mahali: hapa palikuwa pipa la maji, hapa matandiko, hapa babu alilala juu ya magunia.

"Farasi wa mbio ni miguu, mpwa wangu. Akitoka mazoezini, unapitisha kiganja toka goti mpaka kwato. Ukikuta pana moto, huyo hakimbii Jumamosi. Bwana anaweza kukataa, lakini mkono umekwisha kusema."

Kisha maji baridi, kisha dawa ya kuchua. Dawa ya Elliman ilikuwa ya aina mbili tangu karne ya 19: Royal kwa ajili ya wanyama, Universal kwa ajili ya watu, na zote msingi wake ni mayai, siki na tapentaini. Tapentaini huwasha ngozi na kuita damu juu. Babu aliichua kwa nusu saa kila mguu, akipandisha kuelekea moyoni. Mjomba ananionyesha kwenye mkono wangu mwenyewe, na nahisi joto hata bila dawa. Nikamuuliza kama ile chupa ilisaidia kweli.

"Ilisaidia. Lakini ilipokwisha na duka liko mbali, baba alichua kwa mafuta ya kondoo na tangawizi iliyopondwa. Farasi akakimbia vilevile."

Nyumba ya bwana ilikuwa na kabati zima la dawa. Mjomba alilipangusa vumbi utotoni na analijua rafu kwa rafu. Kwinini ya homa. Haluli ya kufungua tumbo, bakuli kwa farasi na kijiko kwa mtu. Klorodaini ya Collis Browne, ambayo daktari wa jeshi la India aliibuni katikati ya karne ya 19: ndani yake afyuni, bangi na klorofomu, ikiuzwa kwa kuhara, kikohozi na kukosa usingizi. Wakati ule ule mfanyakazi aliyekutwa na bangi mfukoni alipelekwa kwa polisi. Mke wa bwana alikuwa na chupa yake kando ya kitanda, na Mjomba anasema kwa huruma kwamba mwishoni hakuweza kuamka bila hiyo.

Halafu kikaja kisa ambacho mama hakuwahi kunisimulia. Mwaka mmoja wa mvua kubwa tauni ilipanda mpaka Njoro. Babu alikuwa na desturi ya kuingiza farasi kabla jua halijazama, kuziba madirisha kwa magunia na kuwasha moshi wa mavi makavu ya ng'ombe mlangoni. Hakuna aliyemfundisha kuhusu visubi, alijua tu kwamba anayelala nje hufa. Siku hiyo palikuwa na wageni, wakataka kuwaona farasi malishoni mpaka giza lilipoingia. Siku chache baadaye jike bora kuliko wote akaanza kuhema. Bwana akaleta dawa iliyofika kwa posta, chupa yenye cheti kwamba imeponya tauni ya farasi. Wakamnywesha kwa chupa ya mvinyo, babu akiwa ameshika kichwa. Alfajiri povu lilikuwa limejaa sakafuni.

Bwana alilia, na Mjomba haoni sababu ya kumficha hilo. Kisha akaandika kwamba saisi alichelewa kufunga banda, na babu akakatwa posho ya mwezi mzima. Alichimba kaburi la yule farasi peke yake, siku mbili.

Nimeandika haya nikiwa nimekaa pale pale kwenye kizingiti. Kalamu inanitetemeka. Chanjo ya kweli ilitafutwa kwa subira huko Onderstepoort, Afrika Kusini, katika maabara aliyoianzisha Arnold Theiler mwaka 1908, na katika miaka ya 1930 wenzake wakapata ya kutegemewa. Huyo aliyeuza chupa kwa posta hakuwa amefanya kazi ya hata siku moja katika hiyo.

Jumamosi, Eldoret

Barabara inapanda mpaka Timboroa, zaidi ya mita 2,700, na matatu nzima ikafunga madirisha. Wenyeji wa Eldoret huuita mji wao Sisibo, jina lililotokana na shamba namba 64, "sixty-four" ya Kiingereza. Makaburu walifika nyanda hizi mwaka 1908 kwa mabehewa ya ng'ombe kutoka Nakuru, na farasi wao. Reli haikufika mpaka 1924. Kwa miaka hiyo yote dawa, chumvi na barua zilikuja kwa ng'ombe, na mbio za farasi zilikuwa siku ambayo watu wa mashamba ya mbali walionana uso kwa uso.

Uwanja wa mbio umebaki jina tu: kuna wadi inayoitwa Racecourse. Nilimuuliza mama mmoja muuza mahindi ya kuchoma kama aliwahi kuona farasi pale. Akacheka. "Hapa wanaokimbia ni watu, baba." Kweli, vijana sita walitupita wakati huo huo, miguu mirefu, pumzi tulivu. Mmoja alikuwa amefungwa goti kwa bandeji, na upepo ukaleta harufu kali ya dawa ya kuchua.

Nimepanda basi la usiku kurudi Nairobi.

Jumapili, Ngong

Uwanja wa Ngong ulifunguliwa mwaka 1954 na ndio pekee uliobaki Kenya nzima. Nyuma yake ni msitu, mbele ni barabara iliyojaa magari. Beryl Markham aliishi uzeeni katika kijumba hapa hapa uwanjani, mpaka alipofariki Agosti 3, 1986. Siku hizi jukwaani kuna familia za kila namna, watoto wanarusha mipira, na wapanda farasi wengi ni vijana wetu.

Nimenunua karatasi ya ratiba. Farasi, mwenye farasi, mkufunzi, mpanda farasi, uzito. Safu zile zile za gazeti la zamani.

Baada ya mbio ya tatu nilishuka kwenye mabanda na kuomba ruhusa. Saisi mmoja, mtu wa makamo, alikuwa akimmwagia farasi maji. Nikamweleza habari ya babu, nikampa chupa. Aliipangusa mikono kwanza kabla ya kuipokea. Akainusa kama Mjomba alivyoinusa.

"Baba yangu alikuwa nayo hii," akasema. "Molo."

Nikamwambia naandika majina ya masaisi, yoyote nitakayoyapata, kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. La babu liko juu. Akanitajia lake, la baba yake, kisha akaita wenzake wawili, nao wakataja yao na ya wazee wao, wakinisahihisha herufi. Yamekuwa kumi na moja. Farasi alikuwa bado analoa, na mguu wa mbele wa kushoto haukuwa umechuliwa. Saisi akanipa kamba.

"Mshike hapo, mzee. Usikaze."